Kitambaa Shingoni mwa Chupa

Kazi hii sikuiomba. Binti wa mdogo wangu, yule muuguzi anayekaa mbali, amenisumbua tangu mvua zilizopita: shangazi andika habari za baba, shangazi andika, wewe ndiye unayemjua. Nikamwambia baba yako yu hai, yuko chumba cha pili anakoroma, muulize mwenyewe. Akasema kila akimuuliza anapewa habari za makochi ya watu. Hilo siwezi kulikana. Basi naandika, lakini ijulikane kwamba nimelazimishwa. Mkono wangu umezoea mkasi, kalamu ni mgeni wake. Shuleni nilikaa kiasi cha kujua kusoma vipimo na kuandika jina langu, mengine nimeyaokota njiani. Atakayeona herufi zangu ni kubwa mno na anyamaze, macho yangu nayo yana haki yake.

Mdogo wangu ni fundi makochi. Mtaa mzima unamwita Springi. Jina hilo lilimpata ujanani, kwa sababu hawezi kukalia kiti kabla hajakibonyeza kwa kiganja ajue springi zake zina hali gani. Ukimkaribisha kwako atabonyeza kwanza kiti chako mbele ya macho yako, ndipo akusalimu. Mkewe alipofariki alihamia kwangu, au mimi ndiye niliyehamia kwake, jambo hilo tunalibishania mpaka leo, maana nyumba ni ya wazazi wetu na kila mmoja anamwona mwenzake kuwa mgeni. Chumba cha mbele ndicho karakana. Yeye anashughulika na mbao, springi, sponji na misumari. Mimi nina cherehani yangu dirishani, nashona nguo ya kochi na kuivalisha. Yeye mifupa na nyama, mimi ngozi. Ukiingia utakutana na harufu ya gundi, vumbi la mbao na kitambaa kipya, na usipokuwa mwangalifu utakanyaga pini.

Ufundi huu tuliurithi kwa baba, na baba alituachia sharti moja. Ukishalipasua kochi la mtu, unatoa kila kitu kilichomo tumboni mwake, unakipanga juu ya sinia na kumpelekea mwenyewe. Kochi linameza. Tumetoa vitana, funguo, vijiko, na safari moja meno ya bandia ambayo mwenyewe alikwisha kumfukuzia mtumishi. Huulizi wala hucheki. Unaweka sinia, unageuka.

Sasa, yalianza hivi. Mjane mmoja mtu mzima, mumewe alikuwa mhandisi, alileta kochi lake refu la mahameli nyekundu lililochoka upande mmoja. Springi alipoling'oa kitambaa cha chini akakuta chupa ya mvinyo mwekundu, imejaa, imeviringishwa taulo na kufungwa kwa mikanda ya kochi kama mtoto mgongoni. Akaiweka kwenye sinia pamoja na kitana na miwani iliyovunjika, akaenda. Mjane alipoiona akacheka mpaka akakaa chini. Mumewe alikatazwa pombe na daktari miaka yake ya mwisho. Akasema kumbe ndiyo maana marehemu hakutaka mtu mwingine akae upande ule. Akaagiza glasi mbili na kizibuo, wakainywa pale pale, polepole, huku akimweleza jinsi mumewe alivyokuwa.

Springi alirudi nyumbani akakaa kitini bila kukibonyeza. Nikajua jambo limempata. Nilipomuuliza akasema amekunywa kitu ambacho kila kikikaa mdomoni kinageuka, ukidhani umekimaliza unakikuta kingine nyuma yake. Alikuwa amepita umri wa miaka hamsini na katika maisha yake hakuwahi kunywa kitu zaidi ya chai na bia ya msibani. Kipande cha ile mahameli ya zamani alikiomba kwa mjane, akakikunja, akakitia kwenye droo ya cherehani yangu bila kuniomba ruhusa. Kipo humo hadi leo.

Toka hapo ikawa kila Jumamosi alasiri, karakana ikishafagiliwa, inafunguliwa chupa moja. Mvinyo mwekundu tu, mweupe alisema ni wa watu wenye haraka. Mwenzake wa kwanza alikuwa Mwalimu, jirani yetu, mstaafu wa kufundisha jiografia, mtu mpole mwenye miwani mikubwa. Mwenzake wa pili ni mwanamke mwenye duka la vinywaji pale kona, tunamwita Mama Chupa. Wanaweka glasi juu ya meza ya kukatia vitambaa, wanazungusha, wananusa, wanaonja, wanabishana, kisha kila mmoja anaandika alama kwa chaki ya fundi nyuma ya ubao uliobaki kwenye kazi. Alama ni juu ya kumi. Ila kumi yenyewe hakuna aliyeruhusiwa kuitoa, Springi alisema ni ya chupa ya mhandisi. Kwa hiyo tisa ndiyo ilikuwa mwisho wa dunia.

Mimi ni mtu wa chai. Lakini walikuwa wamekaa kwangu, kwenye meza yangu, na sikutaka kuhadithiwa kilicho mbele ya pua yangu. Nikawa naonja. Wakaniuliza alama, nikasema namba ni za kupimia kiuno. Mvinyo mimi nausikia mdomoni kama nguo. Huu ni kaki mpya haijafuliwa. Huu ni satini ya sokoni, unateleza lakini chini hauna kitu. Huu ni gunia. Walicheka mpaka Mwalimu akavua miwani. Mama Chupa akauliza, dada mkubwa, tunakunywa au tunashona? Nikamjibu wewe unauza, mimi nashona, anayekunywa ni Mwalimu peke yake. Na kweli Mwalimu alikuwa akiingiza pua ndani ya glasi mpaka miwani inagonga, akitoka huko anataja matunda ambayo sokoni kwetu hayajawahi kufika. Springi alinitania kwa vitambaa vyangu miaka na miaka. Akiniona nimeshika glasi anasema, haya, fundi apime suruali.

Ila pua yake yeye ilikuwa pua. Angesimama mlangoni mwa nyumba ya mtu na kukuonyesha kochi lililowahi kunyeshewa na lile alimofia panya. Kwenye mvinyo hali kadhalika. Kuna chupa moja moja ambayo kizibo chake kimeingia ukungu, basi mvinyo wote unanuka nguo mbichi zilizosahauliwa kwenye beseni. Si kosa la muuzaji, na chupa ya jirani yake inaweza kuwa nzima kabisa. Mara ya kwanza Springi alipoikataa chupa ya namna hiyo, Mama Chupa alinuna wiki nzima. Kisha akaipeleka kwa aliyemuuzia, yule akainusa, akaomba radhi na kumpa nyingine. Kuanzia siku ile alitenga rafu moja dukani, chupa zilizopimwa na Springi, na alama zake zikaandikwa kwa chaki kwenye ubao wa rafu. Watu wakawa wanaingia wanauliza, hii ina ngapi ya Springi?

Nataka mwelewe jambo hili lilikuwa na uzito gani kwake. Mtu ametengeneza viti vya watu maisha yake yote, wanavikalia, hawamkumbuki. Sasa anapita mbele ya duka na anasikia alama yake inatajwa. Alianza kutembea amenyoosha mgongo. Alianza kuchana nywele siku za kazi.

Halafu yakaja mafua. Yalimlaza kitandani, nikamkanda, nikamnywesha supu kwa ugomvi, akainuka. Tukashukuru. Lakini baada ya hapo niliona mambo. Maziwa yaliungua jikoni naye amekaa hapo hapo anasafisha kucha. Akapokea kochi lenye panya aliyeoza ndani, akalisukuma mpaka karibu na cherehani yangu, akaendelea kupiga mluzi. Nilipolalamika akasema ni umri, Dada, ukizeeka pua inazidisha. Mimi nimzidi miaka minne tu aniambie habari za uzee. Nikamtoa panya mwenyewe kwa koleo, nikanuna.

Jumamosi moja Mama Chupa akaja na chupa amevaa nguo nzuri. Mwanawe alikuwa anaoa. Alitaka mvinyo wa harusi, na alisema hataagiza chochote mpaka Springi apime. Chupa yenyewe ilikuwa na karatasi ya heshima, maandishi ya dhahabu. Springi akaifungua kwa madaha, akamimina, akazungusha, akaingiza pua, akafumba macho. Akasema kuna tunda lililoiva vizuri na pilipili kwa mbali. Akachukua chaki akaandika tisa.

Mwalimu naye akainamisha pua. Akaitoa haraka kama mtu aliyekuta mjusi ndani ya kiatu. Akanitazama mimi, akamtazama Springi. Kisha akaenda ubaoni, akaandika nane.

Nilikwisha kunusa nilipokuwa nimekaa. Ilikuwa chupa ya ukungu, tena ukungu wenyewe wa kupindukia. Mama Chupa akaonja, akakunja uso, akawatazama wale wawili, akasema kwa sauti ndogo kwamba pengine yeye ndiye hajui. Nikaona wanaume wawili watu wazima wanamfanya mwenzao aagize makatoni kwa ajili ya aibu. Mimi mdomo wangu haujawahi kuwa na kizibo.

"Mvinyo huu unanuka gunia lililonyeshewa," nikasema, "na Mwalimu anajua."

Springi akainua tena glasi. Akanusa. Akanusa tena, akaingiza pua yote kama Mwalimu, akakaa hivyo hivyo. Akaiweka glasi chini.

"Mwalimu, ni kweli?"

Mwalimu alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa chafu. "Ni kweli, ndugu yangu. Kidogo."

"Si kidogo," nikasema.

Springi akaenda ubaoni akaifuta tisa yake kwa kiganja, akafuta na nane ya Mwalimu, akaingia ndani.

Siku zilizofuata ubao uligeuzwa ukutani. Jumamosi ilipofika akasema ana kazi nyingi, na kazi yenyewe ilikuwa kigoda cha mtoto. Mwalimu alikuja, akakaa juu ya robota la sponji, akaulizia hali ya hewa, akaondoka. Wiki hiyo hiyo Springi alichukua kitambaa kibichi akaenda dukani kwa Mama Chupa, akafuta alama zake zote kwenye rafu mbele ya wateja. Hakumsalimu mtu. Mama Chupa alinijia akiwa hana utani hata chembe. Akasema, "Dada, mvinyo wa harusi nitamuuliza hata msusi. Mimi namtaka Springi arudi kwenye kiti chake."

Springi huwezi kumwendea ana kwa ana. Nilimvizia anapong'oa pini za kochi, amenipa mgongo, ndipo huwa anasema. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mafua. Harufu zote ziliondoka kwa pamoja, gundi, sabuni, kahawa, hata shuka za marehemu mkewe alizoziweka kabatini bila kuzifua. Alidhani zitarudi. Siku za Jumamosi alikuwa anasoma karatasi ya chupa, anakumbuka chupa ya namna ile ilivyokuwa zamani, anasema yale ya zamani. "Nilikuwa napima kwa kumbukumbu, Dada," akasema. "Sasa maji na mvinyo kwangu ni ndugu." Binti yake alikuja akampeleka kwa daktari, daktari akasema pua inaweza kurudi na inaweza isirudi, wasubiri. Springi akasema yeye hasubiri kitu, ameshaacha.

Nikamwacha aache. Ila kichwani mwangu sikumwacha.

Jibu lilikuja na gari la vitambaa. Mwenye gari anashusha majora, na sisi tunachagua kama baba alivyotufundisha. Unafumba macho, unashika pindo kati ya kidole gumba na cha shahada, unasugua. Macho hayaruhusiwi, kwa sababu rangi nzuri imewaingiza hasara mafundi wengi. Springi akafumba macho, akasugua jora la kijani lililokuwa linang'aa kama bwawa, akasema hili litachanika kwenye kona kabla ya mwaka kwisha. Akasugua lililofuata, akasema hili sawa. Nikamtazama. Nikajiambia, huyu hajanusa kitu hapa, na amejua.

Nilimwomba Mwalimu aniletee chupa mbili zisizofanana hata kidogo. Jumapili baada ya chakula cha mchana nikatandika meza ya kukatia. Nikapanga vipande: bafta, kaki, jinzi, satini, flana mpya, flana iliyofuliwa mpaka imechoka, turubai, kitambaa chenye matuta, gunia. Nikamimina glasi tatu. Nikamwita.

Alipoona meza akageuka arudi. Nikamwambia akitoka mlango ule ajipikie. Akasema mimi ni mwanamke king'ang'anizi. Nikasema ndiyo, tulizaliwa tumbo moja, ungetegemea nini. Akasema namdhihaki kilema chake. Hapo niliumia, lakini sikumwonyesha, nikamwambia akae. Alipokaa bila kubonyeza kiti nilichukua ukanda wa bitana nikamfunga macho.

"Usinuse," nikasema. "Pua ipumzike. Weka mdomoni, sugua kwa ulimi kama unavyosugua pindo, kisha nionyeshe kwa mkono."

Akaonja ya kwanza kwa kununa. Akaonja tena. Mkono ukaanza kutembea juu ya meza, ukapita satini, ukapita flana, ukarudi, ukashika turubai na kuisugua. Akasema una ukakasi, umeshika ufizi kama ndizi mbichi, tena umekaza huku pembeni. Nikasema endelea. Ya pili ilimchukua muda mfupi. Mkono ulikwenda kwenye satini, ukaiacha, ukachukua bafta. Akasema mwepesi, umepita bila kugusa ukuta, ila mwishoni una joto kooni. Nikamsogezea ya tatu.

Akaonja. Akaisogeza huku na huku mdomoni. Nikaona kona ya mdomo wake inacheza chini ya ile bitana.

"Dada, unanichezea. Hii ndiyo ile ya kwanza."

Ndiyo ilikuwa ile ya kwanza, nimeimimina kwenye glasi nyingine. Alijifungua kitambaa mwenyewe, akatazama meza, akaonja tena macho wazi, akachukua ile turubai akaisugua. Hakulia, asije mtu akasema alilia. Alisema turubai ni kali mno, palihitajika turubai iliyokwisha kufuliwa mara moja, je tunayo? Nikamwambia tunayo, ni pazia la stoo. Akachukua mkasi wangu bila kuniomba, akaenda kulikata.

Jumamosi iliyofuata ubao ulirudi mahali pake, na badala ya chaki kuna pini. Kazi imegawanywa. Mwalimu ananusa, maana matunda yake hayajaisha, na chupa ya ukungu haimpiti tena, amekula kiapo hatamfichia mtu. Springi anapima kwa ulimi na mkono. Mimi nakata kipande na kukibandika, na wakikosea kitambaa nawasahihisha. Kila mara Springi ananiuliza mimi, si Mwalimu, harufu ya mvinyo ikoje. Namwambia kama ilivyo. Huu unanuka kabati la mama. Huu unanuka ngozi ya kiti cha kinyozi. Yeye anatikisa kichwa, anakumbuka, anaonja tena.

Mama Chupa alileta chupa nyingine ya ule ule mvinyo wa maandishi ya dhahabu. Mwalimu alinusa akasema ni mzima. Mkono wa Springi ulikwenda moja kwa moja kwenye flana iliyochoka, akasema watu watakunywa hata wale wasiopenda, nao hautawagombeza. Ndio ulionywewa harusini. Siku hizi kwenye ile rafu kila chupa ina kipande cha kitambaa kimefungwa shingoni, mteja anakisugua kabla ya kununua. Kuna bwana mmoja aliingia akaomba chupa ya flana, akarudi kesho yake akauliza kama flana yenyewe inapatikana kwa mita. Nilimshonea shati.

Pua haijarudi. Kuna asubuhi moja alisimama jikoni, akageuza kichwa kuelekea kwenye kahawa, akasimama vile muda, kisha akaendelea na shughuli zake. Sikumuuliza. Anatembea tena amenyoosha mgongo, na viti anabonyeza.

Sasa mimi nimemaliza sehemu yangu, mkono unaniuma, na wewe uliyesoma umekaa tu. Ile mahameli ya mhandisi bado imo kwenye droo, mkasi haujaigusa, kwa sababu hapajatokea chupa ya kuistahili. Basi usiniletee sifa wala maneno. Onja kitu, mvinyo ukipenda, chai ukiwa mtu wa chai kama mimi, sugua kwa ulimi, kata kipande cha nguo kinachofanana nacho, uniletee. Kiwe safi, kisiwe na pindo lililochanika. Na ukiona ni mahameli, njoo na chupa yenyewe, Jumamosi alasiri, tuihakikishe.